Kungoja au kuondoka: Hisabati ya njia na ya wakati katika delta ya Rufiji

Na Mwandishi Wetu, Mohoro

WAHENGA walisema subira yavuta heri. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu anayeishi Mohoro, kusini mwa Mto Rufiji, hawezi kushika methali moja akaiacha nyingine, kwa kuwa mto huo humlazimisha kuzipima zote mbili kila msimu wa masika unapofika.

Mkulima wa bonde la Rufiji hupanda mazao ya mlau pale maji ya mafuriko yanapopungua na kuacha udongo wenye rutuba. Akipanda mapema mno, maji yanaweza kurudi na kuzoa mbegu. Akichelewa, unyevu hukauka kabla mahindi hayajashika. Kadhalika, mto unapoanza kupanda, mwenye nyumba bondeni hujiuliza kama ahame leo au angoje kesho, huku akijua kwamba njia za kutokea hukatika moja baada ya nyingine.

Maswali hayo mawili, yaani njia zipi zimebaki na wakati gani wa kukata shauri, yana matawi yake katika hisabati. La kwanza huitwa nadharia ya grafu. La pili ni sehemu ya nadharia ya uwezekano inayohusu kusimama kwa wakati ufaao. Makala haya yanaeleza matawi hayo ni nini, yalianzaje, na yanakutana wapi.

Mji mmoja, meli moja

Grafu inayozungumzwa hapa si ile michoro ya mistari inayopanda na kushuka ambayo wanafunzi huichora shuleni. Ni mchoro wa nukta na viungo. Nukta yaweza kuwa kijiji, kisiwa au hali fulani, na kiungo ni njia ya kutoka nukta moja hadi nyingine.

Chimbuko lake ni mji wa Königsberg, ambao zamani ulikuwa wa Prussia na sasa unaitwa Kaliningrad, nchini Urusi. Mto Pregel uliugawa mji huo katika sehemu nne za nchi kavu zilizounganishwa kwa madaraja saba. Wenyeji walijiuliza kama mtu anaweza kutembea akayavuka madaraja yote saba, kila moja mara moja tu. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba haiwezekani.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mtu anayepita mahali bila kuanzia wala kuishia hapo huingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine, hivyo madaraja ya mahali hapo hutumika mawili mawili. Mahali penye idadi ya madaraja isiyogawanyika kwa mbili ni lazima pawe mwanzo au mwisho wa safari, na mahali pa namna hiyo hapawezi kuzidi pawili. Königsberg palikuwa na pa namna hiyo panne: kisiwa kimoja chenye madaraja matano na sehemu tatu zenye madaraja matatu kila moja. Euler hakuhitaji kujua urefu wa daraja lolote. Alihitaji kujua kipi kimeunganishwa na kipi.

Jina la mji huo halikuishia Ulaya. Mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Kinjekitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani hapa Mohoro mwanzoni mwa vita vya Maji Maji, manowari iliyopewa jina la Königsberg ilishushwa majini nchini Ujerumani. Miaka tisa baadaye manowari hiyo ilikuja kujificha katika delta ya Rufiji.

Baada ya kuizamisha meli ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg chini ya Kapteni Max Looff ilikuwa na hitilafu ya mitambo. Iliingia katika mikondo ya delta, ikafichwa kwenye mikoko, na vyuma vilivyoharibika vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Manowari zao kubwa hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kifupi cha maji, hivyo zikabaki kulinda milango ya mto. Mwezi Novemba walizamisha meli ya Newbridge katika mkondo mmojawapo ili kuuziba.

Kwa lugha ya grafu, Waingereza walikuwa wakikata viungo. Delta ile ile ilikuwa mitandao miwili tofauti: kwa mtumbwi kila mfereji ni njia, bali kwa manowari yenye urefu wa zaidi ya meta 100 ni mikondo michache tu ipitikayo, tena maji yakijaa. Kwa lugha ya tawi la pili, Kapteni Looff alikabiliwa na swali la kusimama kwa wakati ufaao. Kila siku aliyongoja ilimpa nafasi ya kukamilisha matengenezo au kupata mwanya, na wakati huo huo iliwapa adui zake nafasi ya kuongeza ulinzi. Hakutoka. Tarehe 6 na 11 Julai 1915 meli za mizinga za Severn na Mersey, zilizoweza kupita katika maji mafupi, ziliingia deltani zikisaidiwa na ndege za kuelekeza shabaha. Siku ya pili ya mashambulizi Königsberg iliangamia. Mizinga yake iliokolewa na kutumiwa na Wajerumani nchi kavu, na mmoja wapo upo Fort Jesus, Mombasa.

Swali la wakati

Hisabati ya wakati ufaao ilichelewa kupata umbo lake. Mwaka 1875 Mwingereza Arthur Cayley alichapisha fumbo la bahati nasibu: mtu anachomoa tiketi moja baada ya nyingine, na baada ya kila tiketi anaamua ama kuchukua zawadi yake ama kuendelea kuchomoa, mpaka afikie idadi aliyoruhusiwa. Je, asimame lini? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Abraham Wald alijenga njia ya kupima ubora wa bidhaa ambayo mpimaji huamua kila hatua kama ushahidi unatosha au apime nyingine, na mwaka 1947 akaitolea kitabu.

Fumbo linalojulikana zaidi lilienea kupitia safu ya Martin Gardner katika jarida la Scientific American mwaka 1960. Tulieleze kwa mfano wa hapa. Mvuvi anataka kununua mtumbwi. Wauzaji watatu wanampitia mmoja mmoja, kwa mpangilio asioujua. Anaweza kulinganisha mitumbwi aliyokwisha kuiona, lakini akimwacha muuzaji apite, hampati tena. Anataka mtumbwi ulio bora kuliko yote. Afanyeje?

Akichukua wowote kwa kubahatisha, nafasi yake ni moja kwa tatu. Lakini akiuacha wa kwanza upite kwa makusudi, kisha akachukua wowote unaofuata ulio bora kuliko ule, nafasi yake huwa nusu. Msomaji anaweza kuhakiki. Tuuite mtumbwi bora 1, wa kati 2 na wa mwisho 3. Mipangilio ni sita: 123, 132, 213, 231, 312 na 321. Kanuni hiyo inampatia mtumbwi namba 1 katika mipangilio ya 213, 231 na 312, yaani mitatu kati ya sita.

Wauzaji wakiwa wengi, kanuni huwa hii: waache wapite takriban asilimia 37 ya wauzaji, kisha chukua wa kwanza anayewashinda wote waliopita. Nafasi ya kupata kilicho bora nayo huwa takriban asilimia 37. Kiwango hicho ni moja gawanya kwa namba 2.718, ambayo wanahisabati huiita e. Mwingereza Dennis Lindley alichapisha ufumbuzi wake mwaka 1961, na mwaka 1963 Eugene Dynkin wa Urusi ya Kisovieti alilipanua swali hilo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wauzaji wawe 100 au milioni moja, nafasi haishuki chini ya kiwango hicho.

Matawi yanapokutana

Inafaa kukumbuka kwamba Cayley aliyetoa fumbo la tiketi ndiye pia aliyekuwa mwanzilishi katika somo la miti, yaani grafu zisizo na mzunguko wowote. Aliandika kuhusu miti mwaka 1857, na kanuni ya kuihesabu iliyopewa jina lake ni ya mwaka 1889. Kwa kanuni hiyo, vijiji vinne vinaweza kuunganishwa kwa barabara tatu tu kwa namna 16 tofauti. Hata hivyo, uhusiano wa matawi haya mawili haukomei kwa mtu mmoja kuyashughulikia yote. Kuna sehemu ambako swali la wakati hujibiwa kwa umbo la mtandao.

Chukua kigingi chenye alama tano kilichosimikwa ukingoni mwa shamba, kuanzia 0 chini hadi 4 juu. Kwa urahisi wa hesabu tuseme kila siku maji hupanda alama moja au hushuka alama moja, na uwezekano ni sawa kwa sawa. Maji yakifika 0, hatari imepita na mkulima anavuna gunia 8 za mahindi yaliyokomaa. Yakifika 4, njia imekatika na hapati kitu. Akiamua kuvuna mapema na kuondoka maji yakiwa alama ya 1 au ya 2, anaokoa gunia 5. Akiondoka yakiwa alama ya 3, mtumbwi unabeba pungufu na anaokoa gunia 3.

Alama hizo tano ni nukta, na mabadiliko ya kila siku ni viungo. Sasa chora vigingi vitano vyenye urefu wa 8, 5, 5, 3 na 0, kisha tandaza kamba juu yake kutoka cha kwanza hadi cha mwisho na kuivuta ikaze. Kamba itagusa vigingi vyote isipokuwa kile cha alama ya 1, ambako itapita juu kwa kimo cha 6.5. Hilo ndilo jibu. Kamba inapogusa kigingi, ondoka. Inapopita juu yake, ngoja.

Kwa hesabu, maji yakiwa alama ya 1, kungoja kuna thamani ya wastani wa 8 na 5, yaani 6.5, ambayo inazidi 5 za kuondoka. Yakiwa alama ya 2, kungoja ni wastani wa 6.5 na 3, yaani 4.75, pungufu ya 5. Basi aondoke, ingawa inawezekana kabisa kesho maji yakashuka. Yakiwa alama ya 3, kungoja ni wastani wa 5 na 0, yaani 2.5, nako ni pungufu ya 3.

Wazo hili la kamba ni sura nyepesi ya nadharia ambayo Mmarekani Laurie Snell aliiandikia mwaka 1952, na ambayo Dynkin aliiunganisha na mienendo ya kubahatisha kutoka nukta hadi nukta. Mtandao ukiwa na matawi, kamba moja haitoshi, lakini kanuni haibadiliki: thamani ya kila nukta ya kungojea ni wastani wa thamani za jirani zake, kwa kadiri ya uwezekano wa kuzifikia.

Umbo la mtandao huamua pia namna ya kukokotoa. Kama safari haiwezi kurudi nyuma, kama ilivyo kwa wauzaji wanaopita mara moja tu, mtu huanza kwenye nukta za mwisho na kurudi hatua kwa hatua hadi mwanzo. Njia hiyo ilielezwa kwa upana na Richard Bellman wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1957. Lakini kama mtandao una mizunguko, kama maji yanayopanda na kushuka, hakuna nukta ya kuanzia kurudi nyuma. Hesabu hurudiwa tena na tena hadi itulie, au hutumiwa kamba.

Njia ya pili hubadilisha wakati

Sasa tuongeze kiungo kimoja. Tuseme maji yakifika alama ya 4 kuna njia ya pili, iliyoinuliwa na kuimarishwa, ambayo kwayo mkulima bado ataokoa gunia 3. Kigingi cha mwisho kinakuwa na urefu wa 3 badala ya 0. Kamba ikivutwa upya hupita juu ya vigingi vyote vitatu vya kati, kwa vimo vya 6.75, 5.5 na 4.25. Yaani palipokuwa pa kuondoka pamekuwa pa kungojea, hata katika alama ya 2 ambayo haijaungana moja kwa moja na ile iliyobadilishwa.

Hapo ndipo matawi haya mawili yanaposhikana. Wakati bora wa kukata shauri haumo katika nukta uliyopo peke yake, bali katika mtandao mzima. Barabara moja ikijengwa mbali na shamba hubadilisha siku ambayo mwenye shamba anapaswa kuhama. Barabara hiyo ikikatika, siku hiyo huja mapema zaidi, na asiyejua kwamba imekatika ataendelea kungoja kwa hesabu ya zamani.

Katika nadharia ya grafu kiungo ambacho kikiondolewa hutenganisha mtandao vipande viwili huitwa daraja, hata kama hakuna mto. Wakazi wa ukanda huu wanalifahamu jambo hilo bila kufundishwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilitegemea kivuko cha Ndundu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na makazi katika Wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwamo. Mwezi uliofuata, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga, kusini zaidi, na magari yakakwama. Ikumbukwe pia kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde hadi vijiji vya miinuko. Swali la nani ahame na ahame lini si geni hapa.

Vilevile, gunia si kipimo cha uhai. Mfano wa kigingi umehesabu mahindi tu. Penye watoto, wazee na wagonjwa, hasara ya nukta ya mwisho haiwezi kuwekwa kuwa sifuri. Na kama mto unaweza kuruka alama mbili kwa usiku mmoja, basi kuna kiungo kinachotoka alama ya 2 moja kwa moja hadi ya 4, na kamba inapaswa kuvutwa upya. Hisabati haimwambii mtu athamini nini. Humwonyesha tu matokeo ya kile alichokithamini.

Utafiti wa karibuni

Katika miongo ya karibuni wanahisabati wamelipeleka fumbo la wauzaji ndani ya grafu zenyewe. Mwaka 1999 John Preater alichunguza hali ambayo si kila kitu chaweza kulinganishwa na kingine, kwa mfano mtumbwi mmoja ni mpana na mwingine ni mwepesi. Mwaka 2010 Ragnar Freij na Johan Wästlund walionyesha kwamba hata hapo, anayejua idadi ya vitu ana mbinu ya kupata kimojawapo kisichoshindwa na kingine, kwa nafasi isiyopungua ile asilimia 37.

Lakini Grzegorz Kubicki na Michał Morayne, katika makala yao ya mwaka 2005, walionyesha upande mwingine. Fikiria vijiji vilivyopangana kando ya mkondo mmoja unaoelekea baharini. Vinatajwa kwako kimoja kimoja bila mpangilio, na unaambiwa tu kipi kinafuatana moja kwa moja na kipi kati ya vilivyokwisha kutajwa. Unapaswa kusema “hiki ndicho cha mwisho, cha mlangoni mwa bahari” papo hapo kinapotajwa. Hapa asilimia 37 hazipo tena. Nafasi bora hupungua kadiri vijiji vinavyoongezeka, kwa uwiano wa moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi yao. Vijiji vikiongezeka mara nne, nafasi hupungua hadi karibu nusu, na msikilizaji hulazimika kungoja hadi orodha inakaribia kwisha.

Sababu yake ni uhaba wa habari. Katika fumbo la mitumbwi unaweza kulinganisha vyote ulivyoviona. Katika fumbo la mkondo unajua majirani tu, na vipande vya mkondo hubaki vimetawanyika hadi karibu na mwisho. Mwaka 2007 nao Moshe Babaioff, Nicole Immorlica na Robert Kleinberg waliuliza swali la kuchagua vitu vingi badala ya kimoja chini ya masharti. Mfano mmojawapo ni kuchagua barabara zinazopendekezwa moja moja, kila moja na faida yake, bila kuruhusu zilizochaguliwa zifanye mzunguko.

Kwa mkazi wa Mohoro, funzo la utafiti huo ni la kawaida kabisa. Anayeona mto wa mbele ya nyumba yake tu yuko katika fumbo la mkondo, na nafasi yake ya kukata shauri kwa wakati ni finyu. Anayepewa taarifa za maji ya juu, za barabara zilizobaki na za miinuko iliyo wazi, yuko katika fumbo lingine lenye nafasi kubwa zaidi. Methali zote mbili za wahenga ni za kweli. Ipi ishikwe leo, hilo hutegemea ramani.